Sare ya Jeshi si Hati ya Uadilifu

Kila uchaguzi unapokaribia, popote duniani, hutokea mgombea ambaye hoja yake kubwa ni kwamba amewahi kuwa askari. Huja na picha yake akiwa katika sare, huhesabu medali zake mbele ya mkutano, na husema: mimi niliilinda nchi kwa bunduki, basi nipeni nafasi niilinde kwa sheria. Wananchi wengi humpigia makofi. Wengine, hasa wale waliowahi kuteswa na watu wenye silaha, huingiwa na hofu na kunyamaza. Sisi twaona kwamba makofi hayo na hofu hiyo vyote viwili havitoshi. Askari wa zamani anapoomba kuingia katika chombo cha kutunga sheria, yapo maswali yatupasayo kumwuliza, na maswali hayo hayahusu ukubwa wa bunduki aliyoibeba.

Ili tusizungumze hewani, tumechukua mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zinajulikana vizuri: Robert Smalls wa jimbo la South Carolina, nchini Marekani. Alizaliwa mtumwa, akawa nahodha wa meli katika vita, akawa mjumbe katika mabaraza yote mawili ya kutunga sheria ya jimbo lake, na hatimaye akawa mbunge katika Bunge la Marekani. Hatukumchagua kwa sababu hakuwa na doa. Doa lake tutalitazama papa hapa bila kulifunika. Tumemchagua kwa sababu wapinzani wake wakubwa katika siasa nao walikuwa askari wa vita hiyo hiyo, tena wenye vyeo vya juu kuliko chake. Tukiwaweka pamoja, tutaweza kuona ni nini hasa kinachomtofautisha askari anayefaa kutunga sheria na yule asiyefaa.

Mtumwa katika usukani

Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa pwani uitwao Beaufort. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumbani katika familia ya McKee. Alipotimiza umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston, mji mkubwa wenye bandari, ili akodishwe. Utaratibu huo wa kukodisha ulikuwa hivi: mtumwa alifanya kazi kwa mtu mwingine, ujira wake ukaenda kwa bwana wake, naye mwenyewe akaachiwa dola 1 kwa juma. Smalls alihudumu mezani hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaenda bandarini. Huko alifanya ukuli, akashona matanga, akajifunza mikondo ya maji na mafungu ya mchanga mpaka akaijua bandari ile kama mtu ajuavyo kiganja cha mkono wake.

Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumwa mwenzake aliyefanya kazi hotelini. Walipopata binti, sheria ilimhesabu mtoto huyo kuwa mali ya bwana wa mama yake. Smalls akapatana na bwana huyo awanunue mke na mtoto kwa dola 800. Hakuwa na zaidi ya dola 100 hivi. Tufikiri kidogo juu ya hesabu hiyo: mtu anayeachiwa dola 1 kwa juma atafute dola 700 ili mtoto wake asipelekwe mnadani. Hapo ndipo siasa ya Robert Smalls ilipoanzia, kabla hajashika bunduki na kabla hajajua kusoma.

Mwezi Aprili 1861 majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa yaliishambulia ngome ya Fort Sumter, iliyo mdomoni mwa bandari ya Charleston, na vita ikaanza. Meli ya mvuke iitwayo Planter, iliyokuwa ikibeba pamba, ilitiwa mizinga na kufanywa chombo cha jeshi la waasi. Smalls alikuwa ndiye anayeiongoza, ila aliitwa mshika usukani tu, kwa kuwa jina la rubani lilikuwa la Wazungu peke yao.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa watatu Wazungu wa meli hiyo walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Yapata saa 9 za usiku Smalls na wenzake wakawasha moto wa mtambo, wakang'oa nanga, wakapita mahali walipojificha wake na watoto wao, wakawapakia. Smalls akavaa kofia ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, na kwenye kila ngome akapiga honi kwa ishara iliyotakiwa. Walipita chini ya mizinga ya Fort Sumter alfajiri. Walipotoka nje ya masafa ya risasi, wakashusha bendera ya waasi, wakapandisha shuka jeupe, wakajisalimisha kwa manowari za Kaskazini zilizokuwa zimeizingira bandari. Ndani ya meli walikuwamo watu 16, wanaume, wanawake na watoto, na kuanzia saa ile hawakuwa watumwa tena. Pamoja nao ilikuja mizinga, kitabu cha ishara za siri, na ujuzi wa Smalls juu ya ulinzi wa bandari.

Watu wengi wanaomsifu Smalls huishia hapo. Sisi twasema hapo ndipo pa kuanzia. Ushujaa wa usiku mmoja ulizikomboa familia chache. Je, wale waliobaki mashambani, maelfu kwa maelfu, wangekombolewa na nini?

Nahodha anayesukumwa nje ya gari

Smalls mwenyewe alijiuliza swali hilo. Mwezi Agosti 1862 alifuatana na mhubiri Mansfield French hadi Washington, wakaomba serikali iwaruhusu watu Weusi kuandikishwa jeshini. Kabla ya mwezi huo kwisha, Waziri wa Vita Edwin Stanton alitoa idhini ya kuandikisha askari Weusi hadi 5,000 katika visiwa vya pwani ya South Carolina. Tuzingatie hilo: mtu aliyekwisha kupata uhuru wake na sifa zake hakukaa akazifurahia, bali alirudi kuwafungulia wengine mlango.

Aliendelea kutumika kama rubani. Mwezi Aprili 1863 aliiongoza manowari Keokuk katika shambulio la Charleston. Ilipigwa makombora mengi mno, na kesho yake ikazama. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Planter ikiwa mikononi mwa Kaskazini, ilijikuta katika moto mkali wa mizinga. Nahodha wake Mzungu akataka kusalimu amri, kisha akakimbilia kujificha katika ghala la makaa ya mawe. Smalls alikataa, kwa kuwa alijua mabaharia Weusi wakikamatwa hawatahesabiwa kuwa mateka wa vita. Akashika amri, akaitoa meli salama, na baada ya hapo akafanywa nahodha wake.

Lakini unahodha huo ulikuwa na mpaka. Mwaka 1864 aliipeleka Planter katika mji wa Philadelphia kutengenezwa, na wakati wa kungoja huko ndipo alipojitafutia elimu ya kusoma na kuandika. Siku moja akiwa katika gari la abiria la mjini, aliamriwa kuondoka kitini na kusimama nje kwa sababu ya rangi yake. Alishuka, akaenda kwa miguu. Huyu ni mtu aliyeitoa meli mdomoni mwa adui, naye hakuwa na haki ya kiti cha gari katika mji wa upande aliokuwa akiupigania! Kisa hicho kiliwachochea watu wa Philadelphia waliopinga ubaguzi, na mwaka 1867 jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku kwa sheria ubaguzi katika magari hayo.

Katika jambo hilo tunaona fundisho la wazi. Mizinga ya Planter haikuweza kumpatia Smalls kiti katika gari. Sheria iliweza. Vita huvunja mlango wa gereza. Ila nyumba ya kuishi baada ya kutoka gerezani haijengwi kwa baruti. Hujengwa na watu walioketi wakabishana juu ya kodi, shule, mahakama na kura.

Kazi isiyopigiwa tarumbeta

Mwezi Januari 1868 ulifunguliwa Charleston mkutano wa kuandika katiba mpya ya South Carolina. Kwa mara ya kwanza wajumbe walichaguliwa kwa kura za Weusi na Wazungu, na walio wengi walikuwa Weusi. Smalls alikuwa mmoja wao. Hoja anayokumbukwa kwayo ni ya elimu: alidai uwekwe utaratibu wa shule za umma, za bure, kwa watoto wote. Katiba ya 1868 iliyokubaliwa iliweka shule za umma zilizo wazi kwa watoto wa rangi zote, ikaondoa sharti la kuwa na mali ili mtu aweze kushika madaraka, ikafuta kifungo kwa ajili ya deni, na ikampa mwanamke aliyeolewa ulinzi wa mali yake.

Mwaka huo huo alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 1870 akaingia Seneti ya jimbo, alikodumu hadi miaka ya katikati ya 1870. Wakati huo huo alikuwa na cheo cha juu katika jeshi la mgambo la jimbo, hata akaitwa jenerali. Kuanzia 1875 alikaa katika Bunge la Marekani, akitoka na kurudi kadiri uchaguzi ulivyokwenda, hadi 1887.

Waswahili husema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Tukimpima Smalls kwa methali hiyo, hakusahau. Ushahidi ulio bora ni wa mwezi Agosti 1876, alipokuwa tayari mbunge na jenerali wa mgambo. Katika mashamba ya mpunga kando ya mto Combahee, vibarua waligoma. Walikuwa wakilipwa kwa vikaratasi ambavyo havikuweza kununua kitu isipokuwa katika maduka ya wenye mashamba wenyewe, kwa bei waliyoipanga wenyewe. Wagomaji walikuwa na marungu. Wazungu wenye bunduki walikusanyika. Gavana Daniel Chamberlain akamtuma Smalls. Angeweza kwenda kama jenerali, na wenye mashamba wangefurahi. Badala yake alikwenda kuzungumza na wagomaji, watu wa jimbo lake la uchaguzi, waliomjua na kumwamini. Waliotakiwa kukamatwa walikubali kwenda mahakamani bila vita, na wakaachiliwa. Damu haikumwagika.

Huo ndio utumishi wa askari tunaoutaka katika ubunge: mtu anayejua silaha hufanya nini mwilini mwa binadamu, na kwa sababu hiyo anajitahidi zisitumike. Amani aliyoileta haikuwa ile ya kuwaambia maskini wanyamaze. Alikiri kwamba malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Doa ambalo hatulifichi

Sasa tuje kwenye doa. Smalls alipokuwa katika Seneti ya jimbo, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya uchapaji, na zabuni za uchapaji zilikuwa chemchemi ya ulaji wa fedha za umma. Mwezi Novemba 1877 mahakama ilimtia hatiani kwa kupokea hongo ya dola 5,000, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Alikata rufaa, na mwaka 1879 gavana alimsamehe.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kesi ilikuwa ya kisiasa tu. Wana hoja zenye uzito. Mashtaka yaliletwa baada ya wapinzani wake kuishika serikali. Shahidi mkuu alikuwa karani wa Seneti, mshiriki wa ulaji huo huo, aliyeahidiwa kutoshtakiwa. Na msamaha wenyewe ulikuwa sehemu ya mapatano ambayo kwayo mashtaka ya wizi wa kura dhidi ya watu wa upande wa pili yalifutwa. Haki iliyouzwa kwa kubadilishana namna hiyo haikumtakasa mtu yeyote, wala Smalls wala waliomshtaki.

Hata hivyo, hatuwezi kusema jambo lote lilikuwa uzushi. Serikali ya South Carolina ya miaka ile ilikuwa na rushwa ya kweli, na waliougua zaidi kwa rushwa hiyo ni maskini waliohitaji shule na barabara. Zaidi ya hayo, kila dola iliyoibwa iliwapa maadui wa uhuru neno la kusema. Walisema: tazameni, hawa hawawezi kujitawala. Walilisema wakijua kwamba wezi walikuwamo wa rangi zote na wa vyama vyote, lakini likaaminiwa. Kiongozi anayetoka kwa wanyonge ana mzigo mzito zaidi wa kuwa msafi. Kosa lake halilipwi na yeye peke yake.

Askari wa upande wa pili

Tulisema kwamba wapinzani wa Smalls nao walikuwa askari. Wade Hampton, mwenye mashamba tajiri sana, alikaa katika mabaraza ya kutunga sheria ya South Carolina kabla ya vita, kisha akawa jenerali wa wapanda farasi wa majimbo yaliyojitenga. Matthew Butler naye alikaa katika baraza la jimbo, akawa jenerali, na akapoteza mguu mmoja katika mapigano ya 1863. Hakuna anayeweza kusema watu hawa hawakuwa na ushujaa. Risasi ziliwapitia masikioni kama zilivyompitia Smalls. Laiti utumishi wa jeshini ungekuwa kipimo cha uadilifu, wangestahili heshima sawa na yake, na kwa vyeo hata zaidi.

Lakini tuangalie waliyoyatenda baada ya kuvua sare. Mwezi Julai 1876, katika mji mdogo wa Hamburg, Butler aliwataka wanamgambo Weusi wa huko wasalimishe bunduki zao, ingawa walikuwa mgambo halali wa jimbo. Walipokataa, walizingirwa na umati wenye silaha, na kadhaa wakauawa, wengi wao baada ya kukamatwa. Hakuna aliyetiwa hatiani. Smalls aliyapeleka mauaji hayo katika Bunge la Marekani kwa barua ya mtu aliyeyajua. Mbunge mmoja alipomtaka alitaje jina la mwandishi, alikataa, akajibu kwamba hatalitoa jina ili mtu mwingine Mweusi apate kuuawa. Ni jibu la mtu anayeelewa kwamba shahidi wa haki anahitaji kulindwa kuliko mbunge anavyohitaji kusifiwa.

Katika uchaguzi wa mwaka huo, vikundi vya watu waliovaa mashati mekundu, wengi wao askari wa zamani, vilizunguka vikiwatisha wapiga kura Weusi, na Hampton akapata ugavana. Mwezi Aprili 1877 majeshi ya serikali kuu yaliondolewa kutoka ikulu ya jimbo. Butler alikwenda kuwa seneta wa Marekani.

Kutoka bunduki hadi kalamu

Ndugu wasomaji, tungependa mzingatie hasa yaliyofuata. Vitisho vya bunduki huonekana, na huweza kulaaniwa. Kwa hiyo washindi walihamia kwenye kalamu. Mwaka 1882 ilitungwa sheria ya masanduku manane: kila nafasi ya uongozi iliwekewa sanduku lake la kura, na karatasi iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake haikuhesabiwa. Kwa msomi lilikuwa jambo dogo. Kwa mtu ambaye sheria ya utumwa ilimkataza kusoma, ilikuwa ni kumfunga macho na kumwambia achague njia.

Mwaka 1895 Benjamin Tillman, aliyekuwa miongoni mwa umati wa Hamburg na aliyejivunia jambo hilo hadharani, aliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya. Wajumbe walikuwa 160. Weusi walikuwa 6 tu, katika jimbo ambalo zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi. Smalls alikuwa mmoja wa hao 6, akiwa na umri wa miaka 56. Alikaa akiona ile katiba ya 1868, ambayo mkono wake ulishiriki kuiandika, ikibomolewa tofali kwa tofali. Katiba mpya ilidai mpiga kura ajue kusoma na kuandika kifungu cha katiba, au awe na mali ya thamani ya dola 300 iliyolipiwa kodi. Ilidai pia kodi ya kichwa ilipwe miezi mingi kabla ya uchaguzi. Haikutaja rangi ya mtu. Haikuwa na haja, kwa kuwa msimamizi wa uandikishaji ndiye aliyeamua nani amesoma vizuri na nani hakusoma.

Smalls na wenzake watano walisimama na kuhoji. Hawakuomba upendeleo, waliomba sharti lolote litakalowekwa lipimwe sawasawa kwa wote. Walishindwa kwa wingi wa kura. Mwishoni, wajumbe walipotakiwa kutia saini, Smalls alikataa. Hakuwa na meli ya kukimbia nayo safari hii, wala mizinga. Alikuwa na jina lake tu, nalo akalizuia lisiingie katika karatasi ile. Sisi twauhesabu ukataaji huo kuwa sawa na ule usiku wa 1862, na pengine kuuzidi, maana usiku ule alikuwa na tumaini la kushinda.

Smalls alimaliza utumishi wake kama mkusanya ushuru wa forodha wa Beaufort, kazi aliyoondolewa 1913, akafa mwezi Februari 1915 katika nyumba ile ile ya familia ya McKee ambayo nyuma yake alizaliwa mtumwa, na ambayo aliinunua ilipouzwa kwa ajili ya kodi wakati wa vita. Baada ya 1902 hakukaa mtu Mweusi hata mmoja katika mabaraza ya kutunga sheria ya South Carolina mpaka 1970. Ilihitajika sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, na watu wengi waliokubali kufungwa na kupigwa, ndipo wakachaguliwa watatu. Mmoja wao, James Felder, alikuwa askari wa zamani aliyekuwa katika kikosi kilichobeba jeneza la Rais John F. Kennedy mwaka 1963.

Siku hizi jina la Smalls limepata heshima. Mwaka 2023 manowari ya Marekani iliyokuwa na jina la ushindi wa majimbo yaliyojitenga ilipewa jina lake, na mwaka 2024 South Carolina ilipitisha sheria ya kumjengea sanamu katika viwanja vya baraza la jimbo. Twafurahi. Lakini tukumbuke pia kwamba katiba ya jimbo hilo bado ni ile ya 1895, iliyorekebishwa mara nyingi. Ni rahisi kumjengea mtu sanamu kuliko kuiandika upya kazi yake.

Maswali yatupasayo kuuliza

Basi askari wa zamani akija kutuomba kura, tumsikilize bila kumwabudu na bila kumwogopa. Tumwulize kwanza: ulipopata cheo, uliwafungulia nani mlango? Smalls aliweza kutaja askari 5,000 na shule. Tumwulize pili: walipogongana wenye nguvu na wasio na nguvu, ulisimama wapi, na ulitumia nini, bunduki au maneno? Tatu: fedha za umma zilizopita mikononi mwako zilikwenda wapi? Hapo hata Smalls asingejibu kwa wepesi, na ni vema hivyo. Asiwepo mtu ambaye sifa zake za vita zinamwepusha na swali la nne na la tano. Na lililo kubwa kuliko yote: utaitendea nini kura ya mtu usiyempenda? Hampton, Butler na Smalls walijua wote watatu kukabili risasi. Waliachana njia katika swali hilo moja.

Nasi wapiga kura tuna sehemu yetu. Haki zilizopatikana kwa vita ya miaka 4 na katiba ya 1868 hazikupotea siku moja. Zilipotea kidogo kidogo, sanduku kwa sanduku, kifungu kwa kifungu, na nyingi katika hatua hizo zilikuwa na mhuri halali wa bunge. Kwa hiyo haitoshi kumchagua mwakilishi mwema kisha kurudi shambani. Tusome miswada, au tusomewe na wanaojua kusoma. Tuulize kila sharti jipya la uandikishaji litamzuia nani. Tuhesabu ni nani aliye mezani katiba inapoandikwa, na ni nani aliyekosekana. Mlinzi wa kwanza wa kura ni mpiga kura mwenyewe, na zamu yake haina mwisho.